Nyembe Tano

Mbuba, Ngara
12 Februari 1995

Shemeji Kazimili,

Shikamoo. Ni mimi Ildefonsa wa Sostenes. Huku tu wazima, ukiacha kwamba mvua imegoma na shemeji yangu mwingine, Novatus, hajagoma hata siku moja.

Nakuandikia kuhusu Landrova. Wewe unaijua kuliko unavyonijua mimi, maana ndiye uliyeichonga injini, ukapanua silinda zote nne, mwaka themanini na tatu, Sostenes akalala Biharamulo wiki nzima akiingoja. Mwaka jana mwezi wa nne, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mto kwa maelfu, aliendesha siku sita mfululizo akibeba wazee na wajawazito walioanguka njiani. Siku ya sita rejeta ilikauka na yeye hakutaka kusimama. Injini ikakata. Alilivuta hadi nyumbani kwa lori la watu, akaliegesha palepale pake, juu ya shamba la kahawa, kwenye mteremko. Utakumbuka stata ilikufa zamani na yeye alikuwa na mazoea ya kuegesha mlimani ili liwake kwa kuteremka. Mwezi wa saba yeye mwenyewe akaondoka, kwa kuhara damu. Uliletewa habari, najua, na najua njia zilikuwa zimefungwa.

Sasa sikia. Jumamosi tarehe 15 Julai tunaondoa matanga, kuganduka kama tunavyosema kwetu. Wazee wa ukoo walikaa kupanga, na Novatus akawaambia chuma kilicholala ni cha ukoo, tena ameshapata mtu wa kukichukua. Nikasema gari tulilinunua wawili, kwa kahawa niliyoichuma kwa vidole hivi. Mzee mmoja akacheka, akasema: "Haya, Ildefonsa. Siku ya matanga likitoka uani kwa nguvu zake lenyewe, ni lako. Likishindwa, ni la ukoo." Wakacheka wote. Nikasema, mmeshasema, na Mama Domisiana amesikia. Huyo ni mama mkwe wangu. Macho yamepungua lakini masikio bado yanafanya kazi.

Shemeji, likienda hilo gari, sina changu tena hapa, mimi nabaki mgeni kwenye uwanja wa Novatus, na binti yangu Irine pia. Sitaki kuwa mgeni pale nilipopanda kila mgomba.

Injini nimeifungua mwenyewe. Usishtuke. Miaka kumi na miwili nilimshikia Sostenes taa na spana, na aliyeshika taa ndiye anayeona. Pistoni mbili zimepasuka vichwa, ringi zote zimekatika. Lakini kuta za silinda ni laini. Nimepitisha kucha juu hadi chini na haikukwama popote. Kwa hiyo sihitaji kuchonga upya, nahitaji pistoni nne na ringi zake. Nimepima kwa vijiti vya mti wa kahawa, chini kabisa ambako ringi hazifiki. Vimo humu kwenye bahasha, nimevitia alama: mkato mmoja, miwili, mitatu, minne. Kijiti cha tatu ni kirefu kuliko vingine. Sijui kwa nini, ila ndivyo kilivyo.

Namngoja dereva wa masista, ndiye atakayekuletea.

Shemeji yako,
Ildefonsa


Biharamulo
2 Machi 1995

Shemeji Ildefonsa,

Marahaba. Pole tena kwa Sostenes. Tulikula sahani moja tukiwa wanagenzi, na sijapata mwingine wa kula naye hivyo.

Hapa karakana hatupumui. Malori yanayopeleka chakula kambini yamepanga foleni hadi barabarani, kila moja linatoa moshi wa bluu, na kila dereva anadai yeye ndiye wa kwanza. Mashine ya kuchonga silinda ni moja na mwenye mkono wa kuiendesha ni mmoja, nawe unamjua.

Vijiti vyako nimevipata. Niliwaonyesha vijana, tukacheka hadi machozi, nisikufiche. Shemeji! Kijiti kibichi cha mkahawa! Hicho kinasinyaa njiani kama mboga za majani. Ulivyovikata havikuwa hivyo vilivyofika. Hapa tunapima kwa maikromita, na ikikosekana tunapima kwa wembe, ule wa kunyolea: wembe mmoja ni unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Mwaka jana nilimfukuza Leonidas, fundi wa miaka tisa, kwa kukosea nyembe mbili. Mbili tu! Alilia, lakini kazi ni kazi.

Kuhusu hiyo silinda ya tatu: silinda za bloku moja ni watoto wa tumbo moja. Zilichongwa siku moja, kwa kisu kimoja, kwa mkono huu. Haiwezekani mmoja akawa mkubwa. Tafuta mwanaume mwenye mkono tulivu akupimie tena, kwa kitu kikavu, kisha uniandikie. Wala usione aibu, kuuliza si ujinga.

Msalimie Mama Domisiana.

Ni mimi,
Fundi Kazimili


Mbuba
19 Machi 1995

Shemeji Kazimili,

Shikamoo. Mwanaume mwenye mkono tulivu nimemtafuta. Mmoja yuko kilabuni tangu asubuhi na mwingine ni Novatus. Basi nimepima mwenyewe.

Ulitaka kitu kikavu. Kitu kikavu kuliko vyote nyumbani humu ni mrija wa Sostenes, ule aliokuwa akinywea pombe ya mtama, uliokaushwa juu ya moshi wa jiko tangu kabla sijaolewa. Unajua kwetu mrija wa marehemu haushikwi mpaka matanga yaondolewe. Unachomekwa kwenye paa juu ya kitanda, unangoja siku yake. Nilimwendea Mama Domisiana nikamwambia ninachotaka kufanya. Alinyanyuka akaupapasa mrija pale paani. Kisha akasema, "Mwanangu alinywea pombe, sasa apimie gari. Kata upande wa chini." Akauchomoa yeye mwenyewe.

Novatus alipopata habari alikuja kupiga kelele uani kwamba nimekata mrija wa maiti. Nilimjibu nikiwa chini ya gari, sikutoka.

Matokeo ni haya. Nilikata kipande kikaingia silinda ya kwanza kwa kubana. Kikaingia ya pili vilevile, na ya nne. Kwenye ya tatu kikaanguka. Nikachukua nyembe za dukani, mpya, nikazipachika kwenye ncha moja moja mpaka kikabana. Zimeingia tano. Nimerudia siku tatu tofauti, asubuhi, injini ikiwa baridi. Tano, tano, tano. Nimekata kipande cha pili kwa ajili ya hiyo ya tatu. Vyote viwili nakutumia. Wacheke tena vijana.

Kuna jambo jingine. Nilikwangua masizi kwenye vichwa vya pistoni za zamani. Ya kwanza, ya pili na ya nne zina namba ya ukubwa, sifuri ishirini. Ya tatu haina. Mahali pa namba pameparwa, na mikwaruzo yake ni ya tupa, yote imelala upande mmoja. Kuna mtu aliifuta.

Ni nani huyo, shemeji? Wewe ndiye uliyeifunga injini.

Ildefonsa


Biharamulo
20 Aprili 1995

Shemeji Ildefonsa,

Marahaba. Nimechelewa kwa ajili ya kazi, usinilaumu.

Nakutumia pistoni nne na ringi zake, ovasaizi ishirini zote, saizi iliyozidi ile ya kiwandani, mpya kwenye karatasi zake. Fundi ni mimi na nimeshasema. Zivae kama zilivyo, mshale uangalie mbele, pini uilainishe kwa oili, na ringi usiziache midomo ikatazamana.

Hilo la namba usihangaike nalo. Pistoni ni za aluminiamu, moto wa miaka kumi na mmoja unakula kila kitu. Mikwaruzo unayoiona ni ya masizi.

Nakutakia matanga mema.

Fundi Kazimili


Mbuba
9 Mei 1995

Kazimili,

Leo sikuamkii.

Niliingiza pistoni zako bila ringi, nizijaribu kwanza. Kwenye ya kwanza, ya pili na ya nne, nilisukuma kwa kidole gumba ikashuka polepole kama inavyotakiwa. Kwenye ya tatu iliponyoka mkononi ikaenda hadi chini kama kikombe kilichotumbukia kisimani. Nikapitisha nyembe pembeni. Tano, tena na nafasi juu. Ningeifunga hivyo, ingegonga kuta na kula oili mpaka ikavunjika, na wazee wangesema mnaona, mwanamke na injini.

Naamini ulijua. Ndiyo maana hukunijibu nilichouliza.

Novatus amesikia kwamba silinda moja si sawa na zenzake, sijui nani kamwambia. Sasa anatangaza kilabuni kwamba Sostenes aliiharibu mwenyewe kwa ulevi, akafuta namba ili nisijue, na kwamba gari lilikuwa bovu tangu zamani, ukoo unanihurumia tu. Watu wananiangalia kwa huruma kanisani. Hasira nimeizoea, lakini huruma inanichoma.

Nitakuambia linaloninyima raha. Juzi usiku nilijikuta na mimi naanza kuamini. Nikamkumbuka alivyokuwa akisikiliza injini, kichwa amekiinamisha, akisema, "Kuna kitu kinatetemeka humu, mama Irine, sikijui." Nikajiuliza, je, alikuwa akinidanganya? Mtu niliyelala naye miaka kumi na saba? Nilimchukia kwa saa nzima, Kazimili, na yuko chini ya udongo, hawezi kunijibu.

Nakurudishia pistoni ya tatu. Nijibu moja tu: ni Sostenes aliyeifuta?

Ildefonsa


Biharamulo
28 Mei 1995

Mama Irine,

Si Sostenes. Ni mimi.

Barua yako nilikaa nayo siku kumi. Nimeandika na kuchana mara nyingi. Sasa nasema ilivyokuwa, mpaka mwisho, nisije nikapata nafasi ya kuipamba.

Mwaka themanini na tatu nilikuwa ndio kwanza nimekabidhiwa mashine. Siku hiyo walikuja wageni kuiangalia karakana, nami nikataka waone. Silinda ya kwanza na ya pili nilichonga vizuri, nikisimamisha mashine kila mara kupima. Nilipofika ya tatu wageni walikuwa wamesimama nyuma yangu wakinisifu, nami nikawa nachonga huku naongea. Sikusimamisha. Kisu kilikuwa kimelegea kikasogea. Nilipopima, nilikuwa nimepita ishirini, nimekaribia arobaini. Sostenes hakuwepo, alikuwa ameenda kutununulia chapati.

Nilipaswa kumwambia. Nilipaswa kuchonga zote nne arobaini, au kuvisha hiyo moja silivu, bomba jipya la ndani. Lakini seti ya ishirini ndiyo aliyoitafuta miezi mitano, na ningemwambia nini? Nikamalizia ya tatu kwa arobaini, saizi inayozidi ishirini kwa nyembe tano, nikatoa pistoni moja ya arobaini kwenye rafu, nikaifuta namba kwa tupa nyuma ya choo. Alipofika na chapati nilikuwa nimeshaipanga pamoja na zenzake. Tukala. Akanishukuru.

Mwaka uliofuata alinijia akasema injini inatetemeka kidogo. Pistoni ile ilikuwa nzito kuliko zenzake. Nikamwambia ni barabara zenu za Ngara. Akacheka. Kila Krismasi aliniletea mkungu wa ndizi, na kila Krismasi niliupokea.

Vijiti vyako vya mkahawa vilipofika, nilivipima kwa maikromita peke yangu kabla sijawaita vijana wacheke. Vilikuwa vimesinyaa kidogo, lakini vyote kwa kiasi kilekile. Tofauti ilikuwa palepale, nyembe tano. Ulipima sawa tangu siku ya kwanza. Niliwaita vijana ili nicheke na mimi. Nilifikiri mwanamke atachoka, atavaa nitakachompa, gari litapiga moshi, na atajilaumu mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilikaribia kuumbua wengine.

Pistoni ya arobaini hapa karakana hakuna. Za ukubwa huo ni za mwisho, watu hawaziweki tena. Aliyenayo Biharamulo nzima ni mmoja, na ni mtu ambaye sina uso wa kumwendea. Nitatafuta njia nyingine.

Nisamehe.

Kazimili


Mbuba
7 Juni 1995

Kazimili,

Nimesoma. Nilitoka nje nikaenda kaburini nikamwomba radhi mume wangu kwa ile saa moja. Hiyo saa ni yako, nimeiandika kwenye deni lako.

Msamaha tutauangalia baadaye. Sasa nataka vitu vitatu, na sivipunguzi.

Nataka pistoni ya arobaini. Huyo usiyekuwa na uso wa kumwendea, nenda bila uso. Miguu unayo.

Nataka hiyo pistoni iwe na namba yake kichwani, wazi, isiguswe na tupa ya mtu.

Nataka karatasi, kwa mkono wako na jina lako, herufi za kusomeka, useme nani aliharibu na nani alipima sawa. Usiiandike kwa ajili yangu, mimi nilijua. Iandike kwa ajili ya wale wanaonihurumia kanisani.

Zimebaki wiki tano. Nikikosa, Novatus ataondoka na gari na jina la Sostenes kwa siku moja, nami nitakuja Biharamulo kwa miguu niisome barua yako mbele ya foleni yote ya malori. Unanijua kidogo, lakini hilo la kutembea kwa miguu liamini.

Ildefonsa


Biharamulo
29 Juni 1995

Mama Irine,

Pistoni hii hapa, imeviringishwa kwenye shati langu isigongwe. Ringi zake zimo mfukoni mwa shati.

Nilikwenda kwa Leonidas. Ndiye yule niliyemfukuza kwa nyembe mbili. Siku hizi ana kibanda chake karibu na stendi, anatengeneza pikipiki na mashine za kusaga, na kwenye sanduku lake ana vitu ambavyo karakana kubwa tulivitupa. Nilimkuta na watu kama kumi. Nikamwomba tuongee pembeni. Akasema, "Uliponifukuza hatukwenda pembeni." Ni kweli, nilimfukuza mbele ya wote. Basi nikasema palepale, kwa sauti, wote wakisikia: mwaka themanini na tatu nilikosea nyembe tano, nikaficha, na mwenye gari amekufa bila kujua. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Leonidas aliingia ndani akatoka nayo. Aliipima mbele yangu mara mbili, polepole, kwa makusudi. Kisha tukaipima uzito kwenye mizani ya muuza nyama, tukaikwangua kwa ndani kidogo kidogo mpaka ikalingana na zile tatu zako. Kwa hiyo na ule mtetemeko hautausikia tena. Namba iko kichwani, sifuri arobaini, sijaigusa. Nimemwomba arudi karakana. Amesema atafikiria, na kwamba nisimsubiri nimesimama.

Karatasi uliyotaka nimeiweka kwenye bahasha yake, imefungwa. Nakala yake ni hii, uone kama inatosha:

"Mimi Kazimili, fundi wa kuchonga silinda, Biharamulo, nasema kwa akili zangu timamu. Silinda ya tatu ya Landrova ya Sostenes wa Mbuba niliiharibu mimi mwaka 1983, nikaficha kosa kwa kufuta namba ya pistoni. Sostenes hakuigusa. Mkewe Ildefonsa aliipima mara tatu akapata sawa mara zote, na mara mbili mimi nilimwambia uongo."

Injini ikiwaka itakuwa imebana, ringi ni mpya. Hendeli haitaigeuza, usijiumize mkono. Kilomita elfu za kwanza uende taratibu, usiipandishe hasira.

Kazimili


Mbuba
17 Julai 1995

Shemeji Kazimili,

Shikamoo.

Nakueleza jinsi ilivyokwenda, maana uliyoyasikia kwa madereva si yote.

Jumamosi baada ya misa wazee walikaa, mitungi ikiwa katikati. Novatus alisimama kwanza. Akarudia ile hadithi yake, kwamba marehemu kaka yake aliharibu injini kwa ulevi na kuficha, na kwamba anasema hivyo kwa uchungu. Alikuja na huyo mtu wake wa kulichukua gari, amevaa kofia. Mimi nikatoa bahasha nikampa mzee mkubwa. Yeye hajui kusoma. Akaangalia huku na huku, akasema, "Novatus, wewe ndiye uliyesoma, tusomee."

Alisoma, shemeji, angefanya nini? Alianza kwa sauti ya kikao, akaendelea kwa sauti ya mgonjwa. Alipofika "Sostenes hakuigusa," Mama Domisiana akasema, "Rudia hapo." Akarudia. "Masikio yangu ya kizee, rudia tena." Akarudia tena. Yule mama anasikia panya akitembea ghalani, nakuambia.

Kisha wakasema, haya, gari. Betri niliazima parokiani. Nilizungusha hendeli nikiwa na Esperansia jirani yangu, sote wawili tukining'inia. Haikugeuka hata kidogo, kama ulivyosema. Novatus akapata nguvu, akatangaza: "Kusukuma hairuhusiwi! Likisukumwa halijatoka kwa nguvu zake!" Wazee wakaafiki. Nikamuuliza nani kamwambia nitasukuma.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Injini ile sikuwa nimeiwasha hata mara moja. Sikuthubutu. Gari lilikuwa juu ya mteremko, na mteremko ulikuwa mmoja tu. Likishuka bila kuwaka, hakuna wa kulirudisha juu, na ukoo ulikuwa umekaa chini unangoja. Miezi mitano ya kazi yangu, na jina la mume wangu, na mahali pa kulala mwanangu, vyote vilikuwa kwenye kipande kile cha shamba la kahawa. Niliogopa. Nikapanda nikakaa kwenye usukani.

Esperansia akatoa mawe kwenye matairi. Gia ya pili, klachi chini. Likaanza kwenda lenyewe bila kuguswa na mtu. Katikati ya kahawa nikaachia klachi: likaruka, likakohoa, likanyamaza. Nilisikia mtu akipiga makofi, namjua. Nikakanyaga tena, nikaacha lishike mwendo. Nikauona ua unakuja, na migomba ya mwisho. Nikaachia. Likakohoa mara moja, mara mbili, halafu likashika, zote nne pamoja, sauti moja. Nilipita kwenye lango na kipande cha ua kikining'inia kwenye bampa.

Nilipofika barabarani ambako hawanioni nililia. Nililia kwa sauti, injini ikinifunika. Nilikuwa naisikiliza huku kichwa nimekiinamisha, kama yeye. Shemeji, haitetemeki. Angefurahi sana, na nina uchungu kwamba hakuisikia.

Nilikuwa najua Novatus atasema nini, na kumbe alikuwa ameshaanza kulisema: kwamba ni mlima uliolisukuma. Kwa hiyo niligeuza gari barabarani, nikarudi. Nikaingia langoni, nikapita mbele ya wazee na mitungi yao, nikaupanda mteremko uleule kwa gia ya kwanza mpaka juu, nikaliegesha pale alipoliegesha yeye. Nikazima. Nikashuka nikauliza kama kuna mlima unaosukuma kwenda juu. Mwenye kofia alikuwa ameshaondoka. Mzee mkubwa alisema, "Tulisema, na Domisiana alisikia." Basi.

Jumatatu ijayo naanza kubeba maharage ya akina mama kwenda sokoni Ngara, taratibu, nisiipandishe hasira.

Jioni ule mrija ulitolewa. Kwetu huwa anapewa ndugu wa kiume, na Novatus alishanyoosha mkono. Mama Domisiana akampita akanipa mimi. Ni mfupi sasa, kwa vile vipande viwili nilivyokata, lakini unafika kwenye pombe. Nilikunywa mbele yao wote, na mtama wa mwaka huu ni mzuri.

Uliniomba msamaha. Nimekaa nao, nimeupima, na jibu langu ni hili. Njoo Mbuba mwezi ujao, nitaweka mtungi, na Leonidas mje naye kama ameshamaliza kufikiria. Leonidas nitamtafutia mrija mzima. Wewe una kipande changu cha silinda ya tatu, urefu wake unaujua kwa nyembe. Usikipoteze, njoo nacho. Utanywea hicho, na itabidi uiname sana.

Shemeji yako,
Ildefonsa wa Sostenes